Awamu

Mtaa wa Narung'ombe, saa nne usiku.
Mafundi cherehani wamefunika vyombo vyao,
jenereta la jirani limekata roho,
nami nafunga mlango kwa ndani, nazima feni,
maana feni nayo ina maneno yake.

Mezani wako watatu:
sidii pleya ya marehemu baba, mfuniko umeshikwa na rababendi,
simu yangu, kioo nyufa tupu,
na kijisanduku cha Ligola, kidogo kama kibiriti,
alichokinunua kwa bei ya pikipiki.
Mwenyewe kakaa juu ya kreti ya soda, anaapa:
"Hiki kina pumzi, fundi Tatu.
Kinakuletea mwimbaji mpaka sebuleni, unamhesabu meno."
Mimi sina dini ya bei.
Nikamwambia, tutasikia.

Sikuchukua muziki. Muziki hubembeleza.
Nilichukua sauti ya Sikudhani, dada yangu,
aliyojirekodi dukani kwake Tandika, mwaka ule wa mwisho,
akisoma daftari la madeni ili lisimpotee:
sukari nusu, Mama Chausiku.
Sabuni mche mmoja, shemeji Kinyogoli.
Shilingi mia tano, yule kijana wa saluni,
jina simjui, ana kovu.
Nyuma yake mvua juu ya bati,
na mtoto anaomba maji.

Kwanza mmoja mmoja, macho nimefumba.
Pleya: besi nzito, kama mtu anayekokota malapa.
Simu: kavu, safi, ina haraka.
Kijisanduku: kweli, pumzi ipo,
au ni sauti tu imepandishwa kidogo?
Sikio hununuliwa kwa kelele.
Nikazisawazisha kwa mita. Pumzi ikapungua.
Ligola akakohoa.

Ndipo nikageuza awamu.
(Si awamu za marais, Ligola, tulia.)
Wimbi hupanda, hushuka. Ukiligeuza moja,
chanya ikawa hasi, mlima ukawa bonde,
kisha ukaliunganisha na pacha wake,
yanafutana, kama deni na malipo.
Kinachobaki ndiyo tofauti.
Bei ya pikipiki imo humo, kama ipo.

Simu huku, kijisanduku kule.
Mara nne zilipishana. Ya tano zikaanza sawia.

Kimya.

Dada yangu anasoma mara mbili kwa wakati mmoja
na hakuna neno linalofika.
Mshale wa mita umelala.
Ligola ananitazama kama mtu aliyeuziwa upepo.

Nilishanyoosha mkono kuzima,
dakika ya tatu, kitu kikachakacha:
s.
Kisha sh. Kisha s tena, nyembamba,
kama sindano inapita kwenye kanga mpya.

Kila kifaa kina saa yake tumboni,
punje ya fuwele inayotetemeka,
na hakuna saa mbili zinazopatana mpaka mwisho.
Moja ilikuwa imeanza kubaki nyuma,
kwa kiasi ambacho hata kope haikijui,
na katika upenyo huo Sikudhani akaanza kupita,
herufi kali kwanza:
s ya sukari, s ya sabuni, sh ya shilingi,
mifupa ya maneno, bila irabu,
mtu ananong'ona nyuma ya mlango wa bati.
Dakika ya tisa akapata i.
Ya kumi na mbili, a.
Mvua ikarudi, tone kwa tone.
Mtoto akaomba maji.
"Subiri, namalizia," dada akasema,
karibu sauti nzima.

Ligola akainuka kwenye kreti.
"Basi kipi bora?"

Kile kinachochelewa, nikamwambia.
Sikujua ni kipi,
na kwa mara ya kwanza tangu nishike soda ya kuunganishia nyaya,
sikupima.